Kabla ya Kuweka Tagi Mpya Kwenye Themu, Uliza Simu ya Mamako

Kwenye hii barabara yetu, kutoka Ruiru hadi Thika, fundi wa tovuti hakosekani. Kuna waliosomea JKUAT pale Juja, kuna wa MKU mjini Thika, na kuna wale waliojifundisha YouTube usiku wakati bando ziko bei ya chini. Wengi wetu tunauza kitu kimoja: tovuti ya WordPress yenye themu safi, kwa shule, kanisa, sacco, duka la hardware, ama dada wa saluni anayetaka watu waone bei kabla ya kushuka kwa matatu.

Na sote tunakutana na swali lile lile. HTML ikileta kitu kipya, tunakiweka kwenye themu lini?

Majibu huwa mawili. Kuna msee wa haraka: ameona video asubuhi, jioni tagi iko kwa tovuti ya mteja. Halafu kuna msee wa "wacha kwanza": bado anabeba jQuery na mzigo wa msimbo wa miaka kumi iliyopita, juu "hiyo inafanya kazi kila mahali." Wote wawili wanaangalia kalenda, mmoja anakimbia nayo, mwingine anaiogopa.

Mimi naona kalenda si ya kuangaliwa kwanza. Swali la kwanza ni hili: simu isiyoijua hii tagi itafanya nini ikikutana nayo? Kama mtu bado anasoma na bado anafika kwa kitufe cha kulipa, weka leo. Kama mlango unamfungia nje, ngoja, ama umjengee mlango wa pili. Wacha nieleze kwa nini nimeshikilia hapo.

Themu ni sare ya shule

Ukitengeneza ukurasa wako mwenyewe, jaribu chochote. Ukiuharibu utauona, utarekebisha, maisha yanaendelea.

Themu ni kitu kingine. Ni kama kushona sare ya shule: hujui atakayeivaa ni mrefu ama mfupi, na ukishakabidhi kazi huitwi tena kila wiki kurekebisha mkono. Themu moja inaweza kuishia kwa shule ya Kihunguro, kwa kanisa la Makongeni na kwa duka la mabati kule Witeithie. Mwenye tovuti hajui HTML ni nini. Alilipa mara moja, akapewa nenosiri, na wewe ukaenda kwa kazi nyingine. Kosa lako litakaa pale miaka mitatu na hakuna atakayekupigia. Mzazi aliyeshindwa kufungua ukurasa wa karo hapigi simu kusema "tagi yenu haifanyi kazi kwangu." Anafunga tu, anaenda kwa shule nyingine.

Hiyo ndiyo inafanya uamuzi kwenye themu uwe mzito. Anayeumia haonekani.

Ukingoja kiwango kikamilike, utangoja sana

Wasee wa "wacha kwanza" hupenda kusema watatumia kitu kikishakuwa kiwango rasmi. Inaonekana ni busara, lakini historia inawakataa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, lilikuwa linasukuma XHTML 2 kama njia ya mbele. Mwaka wa 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera wakaona hiyo haielekei kwenye shida za kweli za watu, wakaanzisha kikundi chao, WHATWG, na kuanza kuandika kile kilichokuja kuitwa HTML5. Mwaka wa 2009 W3C ikatangaza kuachana na XHTML 2. Aliyekuwa amejipanga miaka yote kuingojea alibaki kituoni na basi halikuja.

HTML5 yenyewe ilipigwa muhuri na W3C tarehe 28 Oktoba 2014. Lakini kufikia hapo watu walikuwa wameshaitumia kwa miaka. Twenty Eleven, themu iliyokuja na WordPress mwaka wa 2011, tayari ilikuwa na tagi za HTML5 kama header, nav na article. Na tangu makubaliano ya 2019 kati ya W3C na WHATWG, HTML inaandikwa kama kiwango kinachoishi: kinabadilika kila mara, na hakuna siku mtu atasema "sasa imekwisha, ingieni."

Kwa hivyo muhuri hautakuambia lini. Lakini angalia walichofanya wale wa 2011. Wakati huo kompyuta nyingi za cyber zilikuwa na Windows XP, na Internet Explorer ya mwisho kwa XP ni ya 8. Hiyo ilikuwa haijui header wala article. Ikikutana nazo, inakataa kuzipamba, na ukurasa unavurugika. Twenty Eleven ikaja na faili ndogo ya JavaScript ya kuifundisha IE ya zamani hizo tagi. Walisonga mbele, lakini waliacha njia ya pili kwa mtu wa cyber.

Lakini haraka nayo ina bili yake

Themu hiyo hiyo ina somo la upande wa pili. Twenty Eleven ilitumia tagi ya hgroup, ya kufunga kichwa na kichwa kidogo pamoja. Mwaka wa 2013 W3C ikaitoa kwenye HTML5. Kwa WHATWG ikabaki, halafu mwaka wa 2022 ikapewa maana nyingine. Hakuna tovuti iliyoanguka, kwa sababu brauza isiyoelewa hgroup inaonyesha tu kilicho ndani. Lakini kila fundi aliyeiga ule msimbo alibeba kitu ambacho wenye kiwango wenyewe walikuwa hawajakubaliana.

Mbaya zaidi ilikuwa hadithi ya h1. HTML5 iliahidi kwamba unaweza kuweka h1 ndani ya kila sehemu ya ukurasa, na brauza itajipangia ni kichwa cha ngazi gani. Watu wakajenga themu hivyo. Shida ni moja: hakuna brauza iliyowahi kutekeleza mpango huo. Ulikaa kwenye karatasi hadi 2022, WHATWG ikaufuta.

Hapo kuna watu waliumia, na si wabunifu. Mtu asiyeona hutumia kisoma skrini, TalkBack kwa Android ama VoiceOver kwa iPhone, na njia yake ya haraka ya kupita ukurasa ni kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Ukimpa h1 kumi, ni kama kitabu ambacho kila ukurasa umeandikwa "Sura ya Kwanza." Na hapa kwetu hilo si jambo la kubuni. Thika School for the Blind iko hapa hapa, tangu miaka ya 1940, na imetoa vizazi vya wanafunzi. Wako kwa simu kama wewe, wanatafuta kozi, kazi na nyumba ya kupanga kama wewe.

Somo langu hapo ni rahisi: kuandikwa kwenye kiwango si kufanya kazi. Kabla ya kuamini tagi, angalia kama brauza zinaitekeleza kweli.

Simu zetu haziko kwenye chati yao

Saa hii kuna kipimo kizuri kinaitwa Baseline. Kinakuambia kama kitu kimefika kwa Chrome, Edge, Firefox na Safari zote. Kikifika kwa zote, kinaitwa kipya; miezi 30 baadaye kinaitwa kilichoenea. Nakitumia, na ninakupendekezea. Lakini usikilale juu yake, kwa sababu kinahesabu matoleo ya brauza, na sisi tunaishi na simu.

Chukua popover, njia mpya ya kufungua menyu ama kisanduku bila JavaScript. Ilifika Chrome 114 mwezi wa Mei 2023, Safari 17 mwezi wa Septemba mwaka huo, na Firefox 125 mwezi wa Aprili 2024. Ukiangalia chati, mambo ni kijani kila mahali.

Sasa njoo stage ya Ruiru uangalie mikono ya watu.

Kuna simu ya kurithi yenye Android 6. Chrome ya mwisho inayokubali simu hiyo ni ya 106. Popover ilikuja matoleo manane baadaye, kwa hivyo hiyo simu haitaiona kamwe.

Kuna simu mpya kidogo lakini ya GB 16, imejaa picha za WhatsApp hadi Play Store inakataa kusasisha chochote. Ama mwenyewe amezima masasisho ili asimalize bando. Brauza yake ni ya siku aliyoinunua.

Na usifikirie hii ni shida ya simu za bei ya chini pekee. Kuna iPhone X ya ex-UK, inang'aa, mwenyewe anatembea nayo kama trofi. iPhone 8 na X ziliishia iOS 16. Popover inataka iOS 17. Na hata akiweka Chrome, haimsaidii, kwa sababu Chrome ya iPhone hapa kwetu inatumia injini ile ile ya Safari ya hiyo simu. Mteja wako mwenye pesa ndiye menyu imekataa.

Halafu kuna Opera Mini, ambayo Baseline haiihesabu kabisa. Ikiwa kwenye hali ya kubana data zaidi, ukurasa unapikwa kwanza kwenye seva za Opera, kisha unatumwa umebanwa. JavaScript inapewa muda mfupi kule kwenye seva, na zile fonti za aikoni hazionyeshwi. Menyu yako yenye mistari mitatu ya fonti ya aikoni, kwake ni kisanduku kitupu.

Sasa fikiria themu ya shule ambayo menyu yake yote ni popover, imepambwa kufunika skrini nzima. Kwa simu isiyojua popover, ile menyu haijifichi. Inabaki wazi imefunika ukurasa, na kitufe cha kuifunga hakifanyi kitu. Mzazi anaona orodha tu, haoni karo wala namba ya paybill. Hiyo ndiyo naita kufunga mlango.

Kungoja pia kunakula bando

Kama ningeishia hapo, msee wa "wacha kwanza" angepiga makofi. Asipige bado.

Kungoja kuna gharama, na haimlipishi fundi. Inamlipisha mwenye simu. Ukikataa tagi za kisasa, mahali pake unaweka JavaScript: maktaba moja ya menyu, moja ya kisanduku, moja ya kalenda, moja ya kuchelewesha picha. Simu ya RAM ndogo inapakua hizo zote, inazisoma zote, halafu inaganda. Simu ya zamani unayojidai kuilinda ndiyo inaumia zaidi na huo mzigo.

Na vitu vingi vipya vinashindwa kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Sikiza:

Kuambia picha ingoje hadi mtu ashuke kwenye ukurasa, yaani loading ikiwa lazy, ni neno moja. Simu isiyolijua inalipuuza na kupakua picha kama kawaida. Simu inayolijua inaokoa bando. WordPress yenyewe ilianza kuliweka moja kwa moja kwenye toleo la 5.5, Agosti 2020.

Sehemu ya namba ya M-Pesa kwenye fomu ikiwa ya aina ya tel, simu inaleta kibodi ya namba. Brauza isiyoijua inaifanya sehemu ya kawaida ya maandishi. Hakuna aliyepoteza.

Tagi ya details, ile ya kufungua na kufunga maswali yanayoulizwa mara nyingi, iko kwa brauza zote kubwa tangu Januari 2020. Brauza isiyoijua inaonyesha majibu yote yakiwa wazi. Ukurasa umerefuka, basi.

Picha ya WebP ndani ya picture, na JPEG ya kawaida ndani ya img: anayeweza anachukua nyepesi, asiyeweza anachukua nzito.

Hizi sioni sababu ya kuzingoja hata siku moja.

Halafu kuna dialog, tagi ya kisanduku kinachojitokeza mbele ya ukurasa. Hii inaonyesha vizuri kwa nini kalenda inadanganya. Chrome iliipata mwaka wa 2014. Firefox na Safari zikaipata Machi 2022, karibu miaka minane baadaye. Ukisikia "ilienea 2022," utadhani simu za zamani za Android haziiwezi. Kumbe zinaiweza sana. Zinazokwama ni iPhone za zamani kama iPhone 6, iliyoishia iOS 12. Na dialog ikitumika vizuri inamwambia kisoma skrini kwamba kisanduku kimefunguka na inamshikilia mtu ndani yake, jambo ambalo visanduku vingi vya kujitengenezea kwa div vinasahau. Kwa mtu wa TalkBack, kuchelewa kwako miaka mitano ni miaka mitano ya kupotea kwenye kurasa.

Tunalijua hili jambo tayari

Mfano bora hautoki California. Uko mfukoni mwako.

M-Pesa ilianza 2007 kwenye menyu ya laini, kwa simu za mulika mwizi. Apu yake kubwa ilikuja 2021, ina picha na rangi. Lakini ukipiga *334# leo kwa simu ya vibonyezo, pesa inaenda. Aliye na simu kali anapata raha zaidi, aliye na kabambe bado anatuma karo. Hakuna aliyengoja kila Mkenya awe na simu janja ndipo apu itengenezwe, na hakuna aliyezima *334# siku apu ilipotoka.

Ama angalia matatu za Thika Road. Michoro inabadilika, muziki unabadilika, skrini zinaongezeka, na tunapenda. Lakini hakuna mtu anataka 237 ijaribie breki mpya ikiwa na abiria kwa superhighway. Kwenye themu yako pia kuna michoro na kuna breki. Kivuli, mzunguko wa picha, mpito wa rangi, hiyo ni michoro, badilisha kila wiki. Menyu, fomu, kitufe cha kulipa na maandishi yenyewe, hizo ni breki.

Maswali matatu, na simu tatu

Kwa hivyo tagi mpya ikitoka, jiulize hivi, kwa mpangilio huu.

Moja, ikishindwa, inashindwa vipi? Kimya, ama inafunga mlango? Ya kimya weka bila kuogopa.

Mbili, ikiwa inafunga mlango, naweza kuacha njia ya pili iliyo rahisi? Kwa mfano, kitufe cha menyu kiwe kiungo cha kawaida kinachokupeleka kwenye orodha ya kurasa chini kabisa ya ukurasa. Anayejua popover anaona kisanduku kizuri, asiyejua anashuka chini, wote wanafika kwa karo.

Tatu, ikiwa hakuna njia ya pili, wasomaji wa huyu mteja wako na simu gani? Tovuti yake ikiwa imekuwepo, takwimu zitakuonyesha brauza zao. Kanisa la wazee na duka la sneakers haziwezi kuwa na jibu moja. Na kama ni themu utakayouzia kila mtu, jibu ni la mtu mwenye simu dhaifu zaidi.

Najua utaniambia mteja anataka "kitu cha kisasa," na kwamba akiona ya jirani ina vitu vinaruka atakuhama. Sawa. Mpe vya kuruka, hiyo ni michoro. Lakini akitaka usasa unaomfungia nje mzazi wa Landless, kazi yako ni kumwambia, kwa sababu yeye hajui na wewe unajua. Ndiyo maana anakulipa fundi.

Na kabla ya kukabidhi, tafuta simu tatu: ya mamako, iPhone ya zamani ya rafiki, na yoyote yenye Opera Mini ikiwa imebana data. Fungua themu kwa kila moja, tafuta namba ya kulipia, jaza fomu. Washa na TalkBack ukiwa umefumba macho, dakika tano tu. Bei yake ni chai na mandazi za kuwashukuru wenye simu.

Unayo themu unauza saa hii? Ifungulie hizo simu tatu wiki hii, halafu niambie ni ipi ilikataa kufungua menyu.